Bwawa la majitaka linaponuka, linapogeuka rangi au linapochafua mto: dalili, chanzo na cha kufanya

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa majitaka ya watu wengine: fundi wa taasisi yenye mabwawa yake, msimamizi wa nyumba za kupanga, ofisa afya wa kata, au mwenyekiti wa mtaa anayepigiwa simu kila harufu inapopanda. Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, na sehemu ndogo tu ya nyumba zake ndiyo iliyounganishwa na mtandao wa mabomba ya majitaka. Zilizobaki zinategemea mashimo na makaro, na gari la kunyonya likifika. Sehemu kubwa ya kinachotibiwa hutibiwa kwenye mabwawa ya wazi kama yale ya Vingunguti, Kurasini, Buguruni, Mikocheni na Chuo Kikuu Mlimani.

Bwawa halina mota ya kuungua wala mkanda wa kukatika, kwa hiyo watu hudhani hakuna cha kuharibika. Linapoanza kunuka, wazo la kwanza huwa dawa: mtu auze unga fulani umwagwe, harufu iishe. Nakuomba usianzie hapo. Bwawa linaloumwa mara nyingi limelishwa kisicho chake, au limelishwa kupita uwezo wake, au limejaa tope ambalo hakuna aliyelitoa kwa miaka. Yote matatu yako juu ya mahali unapoisikia harufu, na hakuna unga unaoyaondoa.

Ili dalili zieleweke, kumbuka mpangilio. Bwawa la kwanza lina kina kirefu, mita 2 hadi 5, na halina oksijeni. Uchafu mzito hutua chini, na bakteria wasiohitaji hewa huumeng'enya. Likiwa na afya, kwenye joto la nyuzi 25 linaondoa karibu asilimia 70 ya BOD, yaani ule uchafu unaokula oksijeni ya maji. Bwawa la kati lina kina cha mita 1.5 hivi. Juu kuna mwani unaotengeneza oksijeni kukiwa na jua, chini bado ni giza. Mabwawa ya mwisho ni mafupi kwenda chini, mita 1 hivi, na kazi yake ni kuua vijidudu kwa mwanga wa jua na kwa pH (kipimo cha uchachu wa maji, namba ikishuka uchachu umezidi) ambayo mwani huipandisha mchana. Kila moja linalitegemea lililotangulia. Ndiyo maana ugonjwa wa bwawa la tatu mara nyingi haumo ndani ya bwawa la tatu.

Dalili: chemba zinafurika kabla maji hayajafika bwawani

Jiulize kwanza ni msimu gani. Kiangazi, chemba moja ikifurika peke yake, bomba limeziba. Fungua chemba ya juu yake na ya chini yake. Ikiwa ya juu imejaa na ya chini imekauka, kizuizi kiko kati ya hiyo iliyojaa na hiyo kavu, na humo utakuta mafuta ya kupikia yaliyoganda, mchanga, pedi, matambara au mizizi ya mti. Fimbo za kuzibulia au maji ya shinikizo vinatosha. Ikiziba tena baada ya wiki chache mahali palepale, acha kuzibua, tafuta jiko la mgahawa lisilo na mtego wa mafuta au bomba lililotitia.

Masika ni habari nyingine. Chemba nyingi zikifurika kwa pamoja mvua inaponyesha, bomba halijaziba. Maji ya mvua yameingia mahali ambapo hayakualikwa: michirizi ya paa iliyounganishwa na choo, uani uliosakafiwa ukielekea kwenye chemba, mifuniko ya chuma iliyoibwa ikaachwa wazi. Zunguka wakati mvua inanyesha, si baada yake. Maji hayo hayaishii kukera barabarani. Yanaingia bwawani kwa kasi, yanasukuma nje majitaka ambayo hayajakaa muda wake, na tope la chini linaweza kunyanyuka likatoka nalo.

Na jambo moja ambalo sitalipitia haraka: usimshushe mtu ndani ya chemba au karo, hata kwa dakika moja, hata kama harufu si kali. Gesi ya hidrojeni salfaidi inanuka mayai viza ikiwa kidogo, lakini ikizidi hupooza pua na hutasikia chochote. Wa kwanza akianguka, anayeshuka kumwokoa naye huanguka. Kama kifaa cha kupima gesi hakipo, na mkanda wa kumvutia mtu juu haupo, kazi hiyo isifanyike siku hiyo.

Dalili: bwawa la kwanza linanuka mayai viza

Kila bwawa la kwanza lina harufu kidogo. Tatizo ni harufu inayofika mitaani. Kabla ya yote angalia upepo. Kaskazi ikipisha kusi, mtaa unaolalamika hubadilika bila bwawa kubadilika. Kama mtaa uleule unalalamika kuliko mwaka jana kwa upepo uleule, basi kuna jambo.

Anza na kilichoingia. Ndipo nguvu nyingi za mwongozo huu zilipo, kwa sababu ndipo jiji letu lilipo tofauti na miji ambayo vitabu vya mabwawa viliandikiwa. Majitaka ya kwenye bomba ni maji mengi yenye uchafu kidogo. Kinachonyonywa shimoni ni tope kinyesi, na nguvu yake ni ya aina nyingine kabisa. Piga hesabu hii ya mfano. Gari la lita 10,000 lililobeba tope lenye BOD ya miligramu 5,000 kwa lita linaingiza kilo 50 za BOD. Majitaka ya bomba yenye miligramu 500 kwa lita yangehitaji lita 100,000 kuleta mzigo huo. Ukichukua gramu 40 kwa mtu kwa siku, gari moja limeleta mzigo wa siku nzima wa watu 1,250, na limeumwaga kwa dakika chache mahali pamoja. Magari manane asubuhi moja ni mji mdogo.

Kwa hiyo zungumza na mlinzi wa getini, maana yeye ndiye anayejua. "Shikamoo mzee. Magari yanaingia mangapi siku hizi?" "Marahaba. Mchana yanaandikwa. Ya usiku mengine hayaandikwi." Jibu la namna hiyo lina thamani kuliko vipimo vya mwezi mzima vya maabara. Kisha simama na madereva wakati wanashusha. "Kaka, huu mzigo wa wapi?" Tope la choo cha umma au la gesti, ambalo halijakaa sana shimoni, ni bichi na lina nguvu nyingi. La karo la nyumbani lililokaa miaka limeshameng'enywa nusu. Mafuta ya mitego ya hoteli, damu na kinyesi cha machinjioni, oili ya gereji, hivyo havitakiwi kuingia bwawani kupitia mdomo wa gari hata kama vimelipiwa.

Pima unachoweza. Mwezi wa baridi wa Dar, Julai, wastani wa joto ni nyuzi 23 hadi 24. Kwa kanuni za Duncan Mara, mhandisi ambaye hesabu zake ndizo zinazotumika kusanifu mabwawa mengi ya nchi za joto, bwawa la kwanza kwenye nyuzi 23 linabeba takriban gramu 330 za BOD kwa kila mita ya ujazo kwa siku. Ukizidisha, bakteria wanaotengeneza asidi huwapita wale wanaoigeuza kuwa methani, maji yanakuwa machachu, na harufu inapanda. Karatasi za kupimia pH ni za bei ndogo. Ukikuta chini ya 6.8 kwa siku kadhaa mfululizo, ndicho kinachotokea.

Chokaa itainua pH, na nakubali itumike kama huduma ya kwanza, lakini ukiimwaga huku magari yaleyale yakiendelea kushusha, utanunua chokaa milele. Tiba ni kupunguza mzigo: gawanya magari kwa saa, yapeleke mabwawa mawili kwa zamu, kataa mzigo wa mafuta. La kudumu zaidi ni tope kinyesi kupata mlango wake, yaani matangi ya kutuliza au vitanda vya mchanga vya kukaushia, kisha maji yaliyochujika ndiyo yaingie bwawani. Taasisi inayopokea magari kwenye mabwawa yaliyosanifiwa kwa ajili ya bomba bila hatua hiyo itarudi kwenye harufu kila mwaka.

Kama kilichoingia hakijaongezeka na bado linanuka, pima tope. Chukua mti mrefu ulionyooka, zungushia taulo jeupe sehemu ya chini, uushushe wima kutoka kwenye mtumbwi hadi uguse sakafu, subiri kidogo, upandishe taratibu. Tope litaacha mpaka wake kwenye taulo. Fanya hivyo sehemu mbalimbali za bwawa, maana karibu na mdomo wa kuingilia tope huwa kilima. Likifika theluthi ya ujazo wa bwawa, muda wa kulitoa umefika. Hesabu yake si ngumu: bwawa la mita za ujazo 5,400 linalopokea 900 kwa siku linayashika maji siku 6. Tope likichukua nusu, maji yanakaa siku 3 na kuondoka hayajaiva. Tope lililotolewa likaushwe, na lisigawiwe moja kwa moja kwa wakulima wa mboga. Mayai ya minyoo ya tumbo yanaweza kuishi ndani yake miezi mingi.

Chanzo cha tatu hakitazamwi sana, nacho ni chumvi. Mabomba ya maeneo ya chini karibu na bahari yakiwa na nyufa, maji ya bahari huingia, nayo yana salfeti nyingi sana. Bakteria huigeuza salfeti hiyo kuwa hidrojeni salfaidi. Kama harufu inapanda siku za bamvua na kupungua maji mafu yakifika, pima chumvi ya maji yanayoingia kwa kipimo cha kupitisha umeme, bahari ikiwa imejaa na ikiwa imekupwa. Tofauti kubwa maana yake bomba limetoboka, na kazi ni ya mafundi wa mabomba.

Kuhusu utando mgumu juu ya bwawa la kwanza: uache. Unazuia harufu na unatunza joto. Nzi wakizidi, umwagie maji utitie. Ni kwenye mabwawa yanayofuata ndipo utando wowote uondolewe, kwa sababu huko mwanga unahitajika.

Dalili: bwawa la kati limegeuka rangi

Rangi ya bwawa la kati ndiyo kipimo cha bure kuliko vyote, na fundi anayeliangalia kila siku saa ileile hujua tatizo kabla ya maabara. Kijani kilichokolea ni afya. Zingine zinasema hivi.

Kijivu au nyeusi: mwani umekufa au umezidiwa. Pima oksijeni mara mbili, saa 12 asubuhi na saa 8 mchana, kwa kina cha sentimita 20 hivi. Alfajiri hata bwawa lenye afya huwa na oksijeni kidogo, kwa hiyo kipimo cha asubuhi peke yake kitakutisha bure. Ikiwa hata saa 8 jua likiwaka hakuna oksijeni, bwawa limezidiwa. Kwenye nyuzi 23 eneo la hekta moja linabeba takriban kilo 310 za BOD kwa siku. Linganisha na kinachotoka bwawa la kwanza. Mara nyingi utakuta bwawa la kwanza limejaa tope na linapitisha kila kitu, na hapo ukihangaika na bwawa la kati unapoteza muda. Wakati unasubiri tope litolewe, unaweza kurudisha sehemu ya maji ya kijani ya bwawa la mwisho kwenye mdomo wa bwawa la kati kwa pampu ndogo. Yanaleta oksijeni na mbegu ya mwani. Mawingu ya masika ya siku nyingi nayo huleta ukijivu, lakini huo hupona jua likirudi.

Waridi au zambarau: wengi hukimbilia kudhani kiwanda kimemwaga rangi. Kwa kawaida ni bakteria wa salfa wanaoishi kwa mwanga bila oksijeni. Wakiwa bwawa la kwanza wanasaidia, maana wanakula ile salfaidi inayonuka. Wakiwa bwawa la kati wanakuambia salfaidi imefika mahali ambapo mwani ulipaswa kutawala. Rudi kwenye mzigo na kwenye chumvi.

Rangi ya kiwanda kweli huja ghafla, mara nyingi usiku au mwisho wa wiki, na unaiona kwenye chemba ya kuingilia kabla ya bwawa. Chota chupa hapohapo, andika saa, fuata chemba moja baada ya nyingine ukipanda. Rangi za vitambaa hufunika mwanga na mwani hufa chini yake. Metali nzito kama kromiamu na risasi zinaweza kutua kwenye tope na kubaki humo, kwa hiyo tope la bwawa linalopokea viwanda lipimwe kabla ya kwenda shambani.

Maji yamekuwa maangavu ghafla, unaona hadi chini: watu hufurahi, lakini hii si habari njema. Ukichota kwa glasi utaona wadudu wadogo sana wanaorukaruka, wengine wekundu, jamii ya Dafnia. Wameula mwani wote, na oksijeni inashuka. Usimwage sumu. Wakimaliza chakula hupungua wenyewe na kijani kikarudi. Kama hali inajirudia, mzigo umekuwa mdogo kwa ukubwa wa bwawa, na unaweza kufunga bwawa moja.

Utando wa kijani-buluu kama rangi ya mafuta iliyomwagika, kwenye bwawa la mwisho siku za joto zisizo na upepo, ni bakteria wanaojifanya mwani. Baadhi wana sumu. Uvunje kwa maji ya bomba la shinikizo utitie, na mbuzi wa jirani wasinywe hapo.

Dalili: maji yanayotoka hayafiki kiwango

Kiwango cha Tanzania kwa majitaka yanayomwagwa, TZS 860, kinataka BOD isizidi miligramu 30 kwa lita, COD (kama BOD, ila hupimwa kwa kemikali) isizidi 60, chembe zinazoelea zisizidi 100, pH iwe kati ya 6.5 na 8.5, na kolifomu, bakteria wanaoashiria kinyesi, zisizidi 10,000 kwa mililita 100. Bwawa zuri linaweza kushindwa baadhi ya vipimo hivi kwa sababu isiyo ya ubaya. Mwani wenyewe ni chembe, na mwani wenyewe una BOD. Kwa hiyo omba maabara ipime sampuli mara mbili, bila kuchuja na baada ya kuchuja. Ikiwa iliyochujwa iko chini sana kuliko isiyochujwa, unatoa mwani. Ikiwa zote ziko juu, majitaka hayajaiva.

Kwa mwani, angalia bomba la kutolea linachukua maji kina gani. Bwawa la kati litolee takriban sentimita 60 chini ya uso wa maji, chini ya tabaka nene la mwani. Mabwawa ya mwisho yatolee karibu na juu, sentimita 5 hivi, ambako jua limeua vijidudu zaidi. Nimeona mabomba yaliyovunjika kiwiko yakachota juu kabisa pamoja na utando, na mradi wa kupanua bwawa ukaanza kuandikwa wakati kilichotakiwa kilikuwa kiwiko.

Kwa majitaka mabichi, shuku njia ya mkato. Chukua machungwa kumi na mawili, yatupe kwenye mdomo wa kuingilia siku isiyo na upepo mkali, kaa upande wa pili na saa. Chungwa huelea likiwa karibu lote ndani ya maji, hivyo hufuata mkondo kuliko upepo. Bwawa lililosanifiwa kushika maji siku 10 likikupa machungwa jioni ileile, kuna mkondo unaokatiza. Sababu huwa milango miwili inayotazamana, kilima cha tope kilichochonga mfereji, au kichaka cha matete kilichofunga kona. Ukuta wa turubai nene lililosimamishwa kwa nguzo katikati ya bwawa hulazimisha maji kuzunguka, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kuchimba.

Na saa ya kuchota sampuli iandikwe siku zote. Saa 8 mchana bwawa la mwisho lenye mwani linaweza kuwa na pH juu ya 9, na hapo kolifomu huwa chache. Usiku hushuka, na maji yanaendelea kutoka usiku. Sampuli za mchana tu zitakupa ripoti nzuri na mto mchafu.

Dalili: mbu wengi

Mbu wa Culex hupenda maji machafu yaliyotulia kwenye majani. Katikati ya bwawa safi lenye mawimbi hawazaliani sana. Wako kingoni, kwenye nyasi zilizoingia majini, kwenye utando, na kwenye magugu yanayoelea. Kata nyasi, weka mawe au zege pale uso wa maji unapogusa ukingo, badilisha kina kidogo kila baada ya siku chache. Perege kwenye mabwawa ya mwisho husaidia. Pwani yetu mbu huyu ndiye mbebaji wa matende na mabusha, kwa hiyo si kero ya usingizi tu. Lakini kagua pia vyoo vya jirani kabla ya kulilaumu bwawa, kwani mashimo yenye maji huzalisha mbu wengi sana.

Dalili: mto chini ya bwawa umekuwa mweusi

Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini kwenye mikoko karibu na Daraja la Salenda. Kando yake kuna viwanda, machinjio, mabwawa, gereji na maelfu ya nyumba. Kusema "bwawa ndilo linalochafua" au "wananchi ndio wanaochafua" bila kutembea mtoni ni kubahatisha.

Tembea. Chota sehemu tatu: juu ya mahali bwawa linapomwagia, kwenye mdomo wenyewe, na chini baada ya maji kuchanganyika, mita 100 au 200. Pima oksijeni, chumvi kwa kipimo cha umeme, na ukiweza amonia. Ikiwa juu tayari ni kweusi, bwawa limekuta shughuli imeanza. Panda mpaka uione mahali rangi inapobadilika. Fanya hivyo kiangazi, mto ukiwa mdogo na uchafu hauna maji ya kuuchanganya, kisha rudia mvua zikianza.

Mvua ya kwanza ndiyo itakayokuonyesha lile ambalo bwawa haliwezi kulitibu. Maji ya kijivu yakitoka kwenye mifereji ya mitaa ndani ya saa ya kwanza ya mvua, si kwenye bomba la bwawa, watu wanatapisha vyoo. Wanatoboa shimo lililojaa ili mvua ichukue. Ni rahisi kuwakemea, na sheria ipo ya kuwakemea, lakini uliza kwa nini. Bonde kama Jangwani au Kigogo maji ya ardhini yako karibu, shimo hujaa upesi. Gari haliingii kichochoroni. Bei ya safari moja ni chakula cha familia cha siku nyingi, na mpangaji hana sauti juu ya shimo la mwenye nyumba. Kipindupindu kilicholipuka Dar Agosti 2015 kilitukumbusha gharama ya kuliacha. Zinazofanya kazi hapa ni pampu za mkono aina ya Gulper zinazoingia uchochoroni, mapipa kwenye guta, na kituo cha karibu cha kushushia ambacho gari kubwa linafika. Mtaa ukijipanga kunyonya kabla ya masika badala ya katikati ya masika, foleni na bei hushuka pia.

Mchicha na matembele ya bonde la Msimbazi yanalisha jiji, na sitaki wakulima wale wafukuzwe kwa maneno matupu. Kwa mboga zinazoweza kuliwa mbichi, Shirika la Afya Duniani linataka maji yasiyozidi yai 1 la minyoo kwa lita. Mfululizo wa mabwawa yaliyokaa vizuri unaweza kufika hapo, maji ya mto wenyewe hayafiki. Kumwagilia chini kwenye udongo badala ya juu ya majani, na kuacha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna, hupunguza vijidudu. Kupika huua vilivyobaki. Metali haziondoki kwa kupika, na hapo tiba iko kiwandani tu.

Wenzetu wa Mwanza wanaonakili mabwawa haya wazingatie tofauti moja. Mabwawa yanaondoa fosforasi kidogo tu. Msimbazi unaishia bahari ya hindi yenye maji kupwa na kujaa, ila ziwa hutunza kilichoingia, na fosforasi ndiyo inayolisha gugu maji na mwani wa Ziwa Victoria. Huko bwawa peke yake halitoshi.

Ukishajua chanzo hakiko kwenye uzio wako, peleka taarifa yenye uzito. Andika mahali, saa, hali ya mvua siku hiyo, rangi, vipimo vitatu vya mto, na picha ya mdomo wa bomba linalotoa. Ukikuta shughuli ndani ya mita 60 za kingo za mto, taja, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imelinda ukanda huo. Bomba na chemba ni za DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar. Kiwanda na uchafuzi ni NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Anayemwaga mtoni bila kibali ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Vyoo vinavyotapishwa anza na ofisa afya wa kata. Chupa za sampuli zikae kwenye barafu na zifike maabara ndani ya saa 24, na za kolifomu mapema zaidi, vinginevyo majibu yatakuwa ya kilichoota ndani ya chupa.